Wimbo Ulitangulia Picha

Katika Shree 420, filamu ya mwaka 1955, Raj Kapoor na Nargis wanasimama chini ya mwavuli mmoja, mvua inanyesha usiku, na sauti za Lata Mangeshkar na Manna Dey zinaingia taratibu. Mtazamaji hudhani wimbo ule uliletwa baadaye, kama nakshi iliyochongwa mlangoni nyumba ilipokwisha kujengwa. Kazi ilikwenda kinyume. Wimbo ulikuwa umeshatungwa, umeimbwa na kurekodiwa kabla kamera haijawashwa kwa ajili yake. Mwigizaji, mpiga picha, mhariri, na hata mwendesha projekta aliyejifungia katika chumba chake nyuma ya ukumbi, wote walikuwa wakiufuata wimbo.

Ukilijua hilo, mambo mengi ya filamu za kale za Kihindi yanaeleweka, likiwemo hili linalotuhusu watu wa pwani: kwa nini wana taarabu wa Mombasa na Unguja waliweza kuchukua mahadhi ya filamu, wakayavika mashairi ya Kiswahili, na kazi isibomoke.

Hapo mwanzo mambo yalikuwa tofauti. Alam Ara, filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, ilionyeshwa tarehe 14 Machi 1931 katika jumba la Majestic, Bombay (jina ambalo watu wa Unguja nao walikuja kuwa nalo, pale Vuga). Ilikuwa na nyimbo 7. Wazir Mohammed Khan, akiigiza fakiri, aliimba akisindikizwa na tabla na hamoniamu, kile kinanda kidogo cha mvukuto. Sauti na picha vilinaswa papo hapo kwa pamoja. Wapiga ala walijificha kando, nje ya jicho la kamera, lakini karibu vya kutosha ili maikrofoni iwasikie. Taabu yake unaiona mara moja. Mwimbaji hawezi kutembea, maana akisogea hatua tatu sauti inafifia. Kamera haiwezi kugeuka, maana itamwona mpiga tabla. Mtu akikohoa katika dakika ya tatu, wimbo mzima unaanza upya. Na juu ya hayo, kila mwigizaji lazima ajue kuimba. Mwaka uliofuata, 1932, ikatoka Indrasabha yenye nyimbo zipatazo 70, na ukikumbuka taabu hizo utawaheshimu waliofanya kazi ile.

Njia ilifunguka mwaka 1935, studio ya New Theatres, Calcutta. Mwongozaji Nitin Bose na mtunzi wa muziki R. C. Boral, wakitengeneza Dhoop Chhaon, walirekodi wimbo kwanza, kisha wakaupiga kwa spika huku waigizaji wakifuatisha midomo. Tangu hapo sura na sauti vikaachana. Uso ukawa wa mmoja, koo la mwingine.

Hebu tufuate wimbo mmoja kuanzia chumbani. Mwongozaji anamweleza mtunzi hali ilivyo: nani anaimba, anamwimbia nani, na kimetokea nini dakika moja kabla. Mtunzi ameketi chini na hamoniamu yake, mshairi yuko pembeni na daftari. Mara nyingi mahadhi hutangulia. Mtunzi huyaimba kwa maneno yoyote yasiyo na maana, ili mshairi apate kipimo tu, na mshairi anajaza. Wimbo una sehemu mbili kuu: mukhda, ambacho ndicho kiitikio chetu, na antara, yaani ubeti, ambao kwa kawaida hupanda juu kisha ukashuka kurudi kwenye kiitikio. Katikati yake kuna muziki mtupu. Muziki huo mtupu una kazi, na nitaurudia.

Kipimo cha Kihindi si sawa na mizani zetu. Sisi tunahesabu silabi, kila silabi ni moja. Wao wanahesabu matra: silabi fupi ni 1, ndefu ni 2. Kwa hiyo mistari miwili yenye silabi sawa inaweza kuwa na urefu tofauti kabisa. Shika hilo, maana ndipo wengi wanapojikwaa wakitaka kutia maneno ya Kiswahili.

Watunzi wa muziki Shankar na Jaikishan, waliofanya kazi kama mtu mmoja, walikuwa na washairi wawili wa kudumu, Shailendra na Hasrat Jaipuri. Wimbo wenye jina la filamu katika Awaara, 1951, maneno yake ni ya Shailendra na sauti ni ya Mukesh, aliyemwimbia Raj Kapoor. Mukesh hakuwa na sauti ya kupanda milima kama Mohammed Rafi. Alikuwa na sauti ya mtu wa kawaida aliyeumia, na watunzi walimpa mahadhi yasiyopanda sana wala kushuka sana. Naona hiyo ndiyo siri ya kuenea kwa wimbo ule. Mtu asiye mwimbaji anaweza kuuimba akitembea njiani, na uliimbwa hivyo mpaka Urusi, bila watu kuijua lugha.

Mtunzi anayajua mahadhi kwa sikio. Lakini mbele yake kuna wapiga fidla wengi, na fidla 20 haziwezi kufundishwa kwa kuimbiwa moja moja. Hapo waliingia watu wa Goa. Walijifunza kusoma noti za muziki tangu utotoni katika shule za parokia, na studio za Bombay ziliwategemea. Sebastian D'Souza ndiye aliyewapangia ala Shankar na Jaikishan, na Anthony Gonsalves alifanya kazi kama hiyo kwa watunzi wengine. Mtunzi anaimba, mpangaji anaandika, anagawa: hiki cha fidla, hiki cha filimbi, hiki cha kodiani. Majina yao hayakukaa kwenye lebo za santuri, na ni dhuluma, kwa sababu ule utangulizi wa fidla unaokufanya uutambue wimbo kabla haujaimbwa hata neno moja, mara nyingi ulipita mikononi mwao.

Siku ya kurekodi wote wanakuwa pamoja: mwimbaji, wapiga ala, waitikiaji. Maikrofoni ni chache. Fundi akitaka ngoma ipungue, hana kitufe kwa kila ala, bali anamwambia mpigaji asogeze kiti nyuma. Kwa hiyo mpangilio wa viti ndio mchanganyo wenyewe wa sauti. Tarumbeta na ngoma nzito huwekwa mbali, filimbi na ala za nyuzi laini huwekwa karibu, mwimbaji hutengwa kwa ubao au kibanda ili ngoma isiingie kwenye maikrofoni yake. Mpiga fidla mmoja akiteleza mwishoni, wote wanarudi mwanzo, na ikifika mara ya kumi sauti ya mwimbaji imeshachoka. Ndiyo maana walifanya mazoezi mengi kabla ya siku yenyewe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Aayega Aanewala, wimbo wa filamu Mahal, 1949, mahadhi ya Khemchand Prakash. Filamu ni ya mzuka ndani ya jumba kuu la zamani. Sauti ya mwanamke inatakiwa itokee mbali, ikaribie, ikaribie, huku mwanamume anaitafuta. Leo ungegusa kompyuta. Lata, ambaye bado alikuwa kijana, alieleza baadaye jinsi walivyofanya: maikrofoni iliwekwa katikati ya chumba, yeye akasimama pembeni, akaanza kuimba yale maneno ya utangulizi huku akiisogelea hatua kwa hatua, na alipofika mbele yake ndipo wimbo wenyewe unaanza. Inafanya kazi kwa sababu hii: ukizidisha umbali mara mbili, sauti inayofika moja kwa moja kwenye maikrofoni hupungua kwa desibeli 6, lakini mwangwi wa chumba unabaki karibu vilevile. Mtu akiwa mbali, sikio linapata mwangwi mwingi na sauti kidogo. Akija karibu, hesabu inageuka. Kupunguza sauti tu hakuleti hisia hiyo. Ukipunguza unapata mtu wa karibu anayenong'ona. Na ukiusikiliza wimbo ule kwa spika nzuri, unauona ukubwa wa chumba.

Santuri ya kwanza ya wimbo huo iliandikwa kwamba mwimbaji ni Kamini. Kamini ni jina la mhusika ndani ya filamu. Wasikilizaji walitaka kujua ni nani hasa, na jina la Lata likatokea. Jarida la filamu la Filmfare lilianza kutoa tuzo kwa waimbaji wa nyuma ya pazia mwaka 1959, na ya kwanza akaichukua yeye.

Santuri nazo zilikuwa na sheria yake. Ya inchi 10, inayozunguka mara 78 kwa dakika, ilibeba takriban dakika 3 na sekunde 20 upande mmoja. Wimbo ukizidi hapo, ama unakatwa ubeti, ama unagawiwa pande mbili. Kwa hiyo usishangae kuukuta ubeti katika filamu ambao hujawahi kuusikia kwenye santuri. Anayetaka wimbo kamili aanzie kwenye filamu.

Sasa picha. Mkanda wa milimita 35 hupita fremu 24 kwa sekunde, na futi moja ina fremu 16. Wimbo wa sekunde 200 basi ni fremu 4,800, sawa na futi 300 za mkanda. Mwongozaji hakai na wimbo kama kitu kizima. Anaukata vipande vya mshororo mmoja au miwili, na kila kipande kinapigwa picha peke yake. Spika zinapiga kuanzia mshororo uliotangulia, ili mwigizaji aingie na mdundo, asianze kwa kushtuka. Kosa la kawaida ni mwigizaji kutikisa midomo bila kutoa sauti. Kamera ikiwa karibu, hilo halifichiki: shingo imelegea, kifua hakijai, na ile pumzi anayovuta mwimbaji kabla ya mshororo mrefu haionekani. Waigizaji wazuri waliimba kweli, kwa nguvu zao zote, japo sauti yao haikurekodiwa. Mtazame Raj Kapoor mabegani.

Na ule muziki mtupu kati ya beti? Hapo midomo imefungwa. Hakuna cha kufuatisha, kwa hiyo mwongozaji yuko huru. Anaweza kuwahamisha wapendanao kutoka bustanini hadi mlimani, akabadilisha nguo na hata siku, na wakirudi kuimba tuko mahali pengine. Mtunzi akitoa muziki wa sekunde 25, amempa mwongozaji sekunde 25 za uhuru. Ndoto maarufu ya Awaara, yenye mawingu, ngazi na masanamu makubwa, ina urefu wa dakika zipatazo 9, na inaelezwa kwamba ilichukua miezi mitatu kupigwa picha.

Lakini kwa wimbo kuitawala picha, hakuna kama Pyar Kiya To Darna Kya wa Mughal-e-Azam, filamu ya K. Asif iliyotoka tarehe 5 Agosti 1960. Mahadhi ya Naushad, maneno ya Shakeel Badayuni, sauti ya Lata, uso wa Madhubala. Anarkali, mcheza ngoma wa kasri, anamwimbia mfalme Akbar usoni kwamba anampenda mwanawe na haogopi. Filamu karibu yote ni nyeusi na nyeupe, ila wimbo huu ulipigwa kwa rangi, ndani ya ukumbi wa vioo uliojengwa studioni kwa ajili yake. Vioo ndiyo shida. Kila taa unayowasha inarudi kwenye lenzi, na kamera inajiona yenyewe. Mpiga picha R. D. Mathur aliacha kuzielekeza taa moja kwa moja kwenye vioo, akatumia mwanga uliokwisha kugonga kitu kingine. Matokeo ni pale Akbar anapoinua macho na kumwona Anarkali mmoja akigeuka mamia darini, kila mmoja akiimba maneno yaleyale. Mfalme hana pa kutazama asipomwona. Mshairi amesema siogopi, na vioo vimesema mara mia. Mwangwi katika sauti ya Lata unasema jambo hilohilo, na inasimuliwa kwamba uliongezwa kwa kuimbia bafuni mwa studio, ambako kuta ngumu hurudisha sauti.

Kisha mikanda ilisafiri, ikavuka bahari, ikafika Dar es Salaam, Mombasa, na Unguja kwenye Empire, Majestic na Cine Afrique. Huku nako wimbo uliendelea kuwa bwana. Sauti iko kwenye mkanda uleule wa picha, mstari mwembamba pembeni, lakini haikai sambamba na picha yake. Projekta inasoma picha kwenye lango lenye lenzi, na inasoma sauti chini zaidi, fremu zipatazo 20 mbele. Katikati mwendeshaji anaacha kitanzi cha mkanda. Kitanzi kikiwa kirefu au kifupi kupita kiasi, midomo ya Nargis inaachana na sauti, na ukumbi mzima unalalamika. Kwenye mazungumzo watu huvumilia fremu mbili tatu, ila kwenye wimbo hawavumilii, maana mdundo unawaonyesha kosa. Umbali nao unahesabiwa: sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, yaani takriban mita 14 kwa kila fremu, hivyo aliyeketi mita 28 kutoka kwenye spika anausikia wimbo ukichelewa kwa fremu mbili.

Mkanda ukikatika, fundi hukata kipande kilichoharibika na kuunganisha. Akitupa fremu 12, ametupa nusu sekunde ya picha na nusu sekunde ya wimbo. Ila haviruki pamoja. Kiungo kinapita kwanza kwenye lango la picha, kisha sekunde 0.8 baadaye kinafika kwenye sauti. Kwa hiyo mtazamaji huona mwimbaji akistuka, halafu karibu sekunde moja baadaye ndipo wimbo unakatika. Nakala iliyozunguka majumba mengi ilikuwa imejaa viungo vya aina hiyo, hasa mwanzo na mwisho wa kila mkanda. Walioujua wimbo kwa moyo waliziba pengo kwa sauti zao, ukumbini mlemle.

Watu waliokwishashika mahadhi namna hiyo wangeacha kuyatumia? Mombasa, Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijulikana pwani nzima kwa kuimba mashairi ya Kiswahili, mengi ya nduguye Ahmad Nassir Juma Bhalo, kwa mahadhi ya Kihindi. Maulidi Juma naye alipita njia hiyo. Wako waliosema ni uvivu. Sikubaliani nao, na hoja yangu ni ya kiufundi: kazi ile ni ngumu.

Chukua mshororo wa kwanza wa Mera Joota Hai Japani, ule wa Mukesh katika Shree 420. Una silabi 8, sawasawa na kipande kimoja cha mshororo wetu wa mizani 16. Unadhani kila kipande cha mizani 8 kitakaa? Jaribu "Kipenzi changu watesa". Mizani ni 8 kamili. Ila mahadhi yanavuta silabi ya kwanza na ya tatu, na mkazo wetu uko kwenye ya pili na ya nne: ki-PE-nzi CHA-ngu. Mwimbaji atalazimika kusema "kiipenzii", na sikio linakataa. Sasa jaribu "Moyo wangu watetema". MO-yo WA-ngu wa-te-TE-ma. Mkazo wa Kiswahili, ambao kwa kawaida hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, unaangukia palepale Mhindi alipoweka silabi ndefu, na hata mwisho unalingana: TE imekaa mahali pa PA ya Japani. Mizani ni zilezile 8, lakini moja inaimbika na nyingine haiimbiki.

Pyar Kiya To Darna Kya ni mgumu zaidi. Silabi 7, na ya mwisho ni nzito, inayosimama peke yake. Kiswahili hakina maneno mengi yanayomalizika kwa mkazo. Ukiweka "siogopi" mwishoni, utavuta "pi" isiyostahili. Dawa ni kutafuta neno la silabi moja lenye uzito wake: la, tu, si. Kwa mfano: "Penzi langu kosa? La!" PE-nzi LA-ngu KO-sa LA. Saba, na pigo la mwisho limepata neno linalolistahili. Angalia pia vokali ya noti ndefu. Kiswahili kinatupendelea, maana karibu kila silabi humalizika kwa vokali, lakini i na u hubana koo juu kabisa, a na o hufunguka. Mshairi mzuri wa taarabu huchagua kina cha mwisho kwa kuangalia mahadhi yanakomea wapi.

Jambo la mwisho kwa anayetaka kuyajifunza mahadhi haya leo kutoka video za zamani. Filamu ilipigwa kwa fremu 24, televisheni zetu zilikwenda fremu 25. Kanda nyingi za video zilitengenezwa kwa kuikimbiza filamu kidogo, asilimia 4 hivi. Wimbo wa sekunde 200 unakwisha kwa sekunde 192, na sauti yote imepanda karibu robo tatu ya nusutoni, yaani ya hatua ya kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi cha jirani yake. Haikai kwenye kitufe chochote cha kinanda. Ndiyo sababu kundi likishika mahadhi kutoka kwenye video, kisha likajaribu kupiga pamoja na santuri, kodiani inaonekana imeharibika, na mtu anaanza kulaumu chombo. Chombo kizima. Punguza kasi ya video hadi asilimia 96, na Lata anarudi kwenye sauti yake.